Karatasi ya Njugu

Njugu za shilingi kumi, Kamukunji, saa saba mchana,
zimefungwa ndani ya mfalme.
Nimezila zote nikisoma ukurasa uliochanwa,
chumvi imeganda juu ya mwaka:
mia tisa sabini na nane, Uingereza,
kabla Wanormani hawajavuka maji.

Kijana Edward, taji bado jipya kichwani,
anakwenda kumjulia hali mdogo wake
kwa mama wa kambo. Hajashuka farasini.
Anapewa kikombe.
Kabla hajameza, kisu.
Wakamzika pasipo heshima ya mfalme,
na taji likamwendea mdogo, mtoto wa kubebwa mgongoni na wakubwa.

Hapa nyundo zinagonga tangu alfajiri,
mapipa yanageuka masanduku ya shule,
nami nimeketi kwenye kiti cha baba,
kiti cha Pijo kilichong'olewa, sponji inachungulia,
natafuna polepole.

Baba yetu Mbuvi alikufa bila kutaja mtu.
Mafundi kumi na wawili walikalia makopo ya rangi
wakamchagua Kyengo, wa nyumba kubwa,
wakamkabidhi funguo tatu na daftari la madeni.
Hakuna aliyemuuliza mama yangu.
Mama naye hakuuliza mtu.

Jumamosi ile Kyengo alikuja Kaloleni kuniona.
Aliniletea gari la bati, magurudumu ya vizibo.
Hakushuka kwenye pikipiki, injini ilikuwa ikinguruma.
Mama akamtolea chai
kwa kikombe cha maua, kile cha wageni.
Akainua kichwa anywe,
na mjomba Mulatya alikuwa nyuma yake,
mkono kwenye mshipi, penye funguo.

Hapakuwa na damu. Naapa juu ya kiti hiki, hapakuwa na damu.
Chai tu, kwenye shati jeupe.
Damu ilikuja mwezi uliofuata, Mlolongo, lori la saruji,
na mambo hayo mawili hayahusiani, walisema wote
kwa sauti moja,
moja kupita kiasi.

Nilipolia mama alinipiga kwa kandambili
hadi kamba ikang'oka.
"Unamlilia nani? Kiti nimekutafutia.
Sasa shauri yako."

Ukurasa unasema yule mtoto naye alimlilia kaka yake,
na mama, fimbo ikiwa mbali, akamchapa kwa mishumaa,
hata akaichukia mishumaa maisha yake yote.
Unasema "inasemekana". Mwandishi alikuwa mwoga.
Mimi huoga na buti.

Ethelredi: kwa lugha yao, shauri jema.
Watu wakamgeuzia jina, wakamwita Asiye na Shauri.
Aliwalipa wavamizi fedha ili waende zao.
Walienda, wakahesabu, wakarudi na merikebu zaidi.
Hapo karatasi imechanika.
Nimemrudia muuza njugu, anitafutie kipande kinachofuata.
"Hicho nimemfungia mama mmoja wa Machakos," akasema,
"labda ameshawasha jiko."

Kaka yangu yuko Lang'ata, namba kwenye kipande cha ubao.
Mara mbili nimeweka akiba nimhamishie nyumbani.
Mara mbili ikaja Ijumaa.

Ijumaa huja vijana wa kona.
Mwaka juzi walikuwa watatu, leo nimehesabu kumi na mmoja.
Wa mwisho sijawahi kumwona. Hakutazama pesa.
Aliligonga bati langu kwa ukucha,
akainamisha sikio kusikiliza unene wake,
na duniani nimemjua mtu mmoja tu aliyepima bati hivyo.

Nikamuuliza jina la mama yake. Akatabasamu.
Nikamwambia akae. Akakataa.
Nikaagiza chai.
Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu,
akakifikisha karibu na mdomo,
halafu akageuka kwanza
kutazama ni nani aliyesimama nyuma yake.